Imepigwa au imechorwa? Jinsi kompyuta inavyohesabu hewa ya sayari

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa na kugeuka mwekundu juu ya kisiwa cha Manda, baraza letu hapa Lamu lilijaa kuliko kawaida. Wengine walikuwa wametoka msikitini kusali sala ya kupatwa kwa mwezi, wengine walifuata kahawa tu. Mpwa wangu alikuja na kompyuta yake mpakato, akatuonyesha kupatwa kule kule ndani ya programu ya anga za juu, kisha, kwa utundu wa vijana, akatuhamisha mpaka kwenye sayari ya Mirihi na kulifanya jua litue. Jua la Mirihi lilipokaribia upeo lilizungukwa na mwanga wa buluu, na hapo ubishi ukaanza. Mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi alimuuliza: "Mwanangu, hii imepigwa au imechorwa?" Kijana akajibu: "Haikupigwa wala haikuchorwa, babu. Imehesabiwa."

Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini halikumtosheleza mtu. Tangu usiku ule nimeona video za namna hiyo zikisambaa kwenye simu, na watu wakigawanyika makundi mawili: wanaoziamini zote kana kwamba kamera ilikuwapo, na wanaozikataa zote kwamba ni katuni. Makundi yote mawili yanakosea, na kosa lao ni moja, kwa kuwa hawajui picha iliyohesabiwa ni kitu gani.

Tuanze na maneno yenyewe. Angahewa ni hewa inayoshikwa na uvutano wa sayari ikaifunika pande zote. Programu za kuonyesha anga za juu, kama Celestia iliyotolewa mwaka 2001, au Stellarium, au SpaceEngine, ni programu zinazomwezesha mtu kukaa mbele ya kioo cha kompyuta akatazama nyota na sayari kutoka mahali popote na kwa saa yoyote atakayo. Picha iliyopigwa ni nuru iliyoingia kwenye kamera, na mchoro ni kazi ya mkono unaofuata jicho la mchoraji. Katika picha iliyohesabiwa hakuna anayeiambia kompyuta kwamba anga ni ya buluu. Inaelezwa hewa ni kiasi gani, imefanywa na gesi gani, ndani yake mna vumbi la namna gani, na jua liko wapi, kisha kompyuta inaifuata nuru katika safari yake na rangi inajitokeza yenyewe mwishoni. Rangi ikitoka mbovu, mtengenezaji hachukui brashi akaipaka upya, bali anarudi kutafuta namba iliyokosewa.

Namba ya kwanza ni unene wa hewa. Vitabu vingi hulinganisha angahewa na ganda la chungwa, na ulinganisho huo umewapotosha wengi, wakiwamo baadhi ya watengenezaji wa programu. Nusukipenyo cha dunia ni kama kilomita 6,371. Lau hewa yote ingebanwa iwe nzito sawasawa kama hii tunayoivuta pwani, ingekuwa tabaka la kilomita nane tu. Chukua basi tunda la upana wa sentimita nane: tabaka hilo lingekuwa na unene wa nusu ya sehemu ya kumi ya milimita. Ganda la chungwa ni nene mno kwa kazi hiyo, lakini ngozi ya nyanya inakaribia. Kwa hiyo unapoona kwenye video dunia iliyozungukwa na utepe mpana wa buluu unaong'aa kama taa ya harusi, ujue mtengenezaji ametaka kupendeza kuliko kusema kweli.

Hewa halisi haiishi ghafla kama ngozi ya nyanya. Hupungua polepole, ikibaki nusu kila unapopanda kilomita tano na nusu hivi, ndiyo maana anayefika kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, huvuta hewa iliyo karibu nusu ya hii ya gatini. Huko juu kabisa, satelaiti zinapopita, hubaki chembechembe tu, na ni fahari kidogo kwetu watu wa pwani kwamba upungufu huo ulipimwa kutoka kwetu: satelaiti ya Kiitaliano ya San Marco 2, iliyorushwa tarehe 26 Aprili 1967 kutoka jukwaa la baharini la Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilikwenda kupima uzito wa hewa ya juu katika eneo la ikweta. Hewa ya kimo hicho haitoi rangi yoyote ambayo jicho lingeiona. Huvuta tu satelaiti nyuma taratibu. Rangi zote tunazozizungumzia hapa ni kazi ya makumi machache ya kilomita za chini.

Sasa rangi yenyewe. Wengi wetu tumelelewa na maelezo kwamba anga ni ya buluu kwa sababu inaakisi bahari. Anayeamini hivyo na asafiri mpaka jangwa la Chalbi, ambako hakuna bahari ya kuakisiwa na anga ni ya buluu kuliko ya Lamu. Au asubiri siku ya mawingu mazito hapa hapa, aone bahari inavyogeuka rangi ya majivu. Bahari ndiyo inayolifuata anga. Mwanafizikia wa Kiingereza Lord Rayleigh alieleza sababu mwaka 1871. Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi zote, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi: nyekundu ina mawimbi marefu, buluu ina mafupi. Mawimbi mapana ya bahari kuu yakifika kwenye nguzo za gati huzipita kana kwamba hayakuziona, ilhali viwimbi vidogo vya upepo wa jioni hugonga nguzo hizo hizo vikasambaa kila upande. Molekuli za hewa ni nguzo ndogo sana, na buluu ndiyo inayozigonga. Kwa hesabu ya Rayleigh, nuru ya buluu hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu, na buluu hiyo iliyosambaa ndiyo inayotufikia kutoka kila pembe ya anga.

Chembe kubwa zaidi, kama vumbi, moshi, chumvi ya bahari na matone ya ukungu, hufanya kazi kwa kanuni nyingine, ile iliyokokotolewa na Mjerumani Gustav Mie mwaka 1908. Hizo hutawanya rangi zote karibu sawa, na nyingi huzisukuma mbele badala ya kuzisambaza pande zote. Zikijaa upeoni, upeo huwa mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na jua hupata duara la mwanga kulizunguka. Programu nzuri huhesabu mambo haya mawili mbali mbali, kwa sababu gesi na vumbi havipungui kwa kiwango kimoja: gesi huenda juu sana, vumbi na chumvi huishia kilomita moja au mbili za kwanza.

Kufuata nuru kuna maana gani? Nitatumia mfano wa mtoto anayetembeza sinia katika vichochoro vya mji wetu. Ametoka nyumbani na mahamri 100 na kaimati 100. Kila kona anayopita, watu hununua sehemu moja kwa tano ya mahamri aliyobaki nayo, lakini kaimati wananunua moja kwa ishirini tu. Baada ya kona ya kwanza ana mahamri 80 na kaimati 95, na sinia bado inaonekana imejaa. Baada ya kona kumi ana mahamri 11 hivi na kaimati 60. Akizunguka kona 38 hana hamri hata moja, ila kaimati 14 bado zipo.

Namba hizi sikuzichagua ovyo. Mahamri ni nuru ya buluu, kaimati ni nyekundu, na kona moja ni angahewa nzima ya dunia ikipitwa wima, jua likiwa utosini. Katika njia hiyo hewa safi hunyang'anya kama moja kwa tano ya buluu na moja kwa ishirini ya nyekundu, kama wanunuzi wa kona moja. Jua linapogusa upeo, nuru yake hupita kwenye hewa iliyo kama mara 38 ya hiyo ya adhuhuri, na hapo buluu imekwisha njiani, imebaki nyekundu. Ile buluu haikupotea: imenunuliwa kwenye kona, yaani imesambaa kuwa anga ya buluu ya watu walio magharibi yetu, ambao kwao bado ni mchana. Hata wekundu wa mwezi ule wa Septemba ulitokana na biashara hiyo hiyo. Nuru iliyoufikia ilikuwa imeikwaruza dunia ukingoni, ikapinda ndani ya hewa yetu, ikapita kona 38 za kuingia na 38 za kutoka.

Kompyuta hufanya hesabu ya sinia kinyumenyume. Kwa kila nukta ya kioo, inayoitwa pikseli, huchora mstari kutoka kwenye jicho la mtazamaji kupita ndani ya hewa, kisha husimama hatua kwa hatua juu ya mstari huo na kuuliza: hapa pana hewa kiasi gani? Nuru ya jua iliyofika hapa ni kiasi gani, ikiwa nayo imekwisha kupunguzwa njiani? Kati ya hiyo, ngapi inarushwa upande wangu? Na ngapi itapotea kabla ya kunifikia? Majibu hujumlishwa, mara moja kwa buluu, mara moja kwa kijani, mara moja kwa nyekundu, na hiyo ndiyo rangi ya pikseli moja. Kioo cha kawaida kina pikseli zipatazo milioni mbili, na picha inapaswa kubadilishwa mara sitini kwa sekunde ili ionekane kutembea bila kukatakata.

Wajapani walioongozwa na Tomoyuki Nishita walionyesha njia hii mwaka 1993, lakini hesabu yao ilimruhusu mwali wa nuru kugongwa mara moja tu kabla ya kufika jichoni. Kasoro yake inaeleweka haraka na mtu wa Lamu. Vichochoro vyetu vingine ni vyembamba kiasi kwamba jua haligusi chini hata saa sita mchana, na bado mtu hukaa pale akasoma gazeti, kwa kuwa ukuta uliopakwa chokaa hurusha nuru kwa ukuta wa pili, nao huirudisha, mpaka inafika chini. Hewa nayo hurushiana nuru hivyo. Programu inayohesabu mrusho mmoja tu hutoa jioni ya giza mno, kana kwamba kuta zetu zimepakwa masizi. Lakini ukitaka kuhesabu mirusho yote, kwa kila pikseli, mara sitini kwa sekunde, kompyuta ya nyumbani itakwama.

Ufumbuzi maarufu ulitolewa mwaka 2008 na Eric Bruneton na Fabrice Neyret, watafiti wa Ufaransa, na mfano wake umebandikwa kwenye kila msikiti hapa mjini: jedwali la nyakati za sala. Hakuna muadhini anayekaa kila siku na kalamu kuhesabu jua liko nyuzi ngapi. Mtu alifanya hesabu ngumu mara moja kwa mwaka mzima, akaiandika, na sisi tunatazama tarehe tu. Ndivyo wafanyavyo Bruneton na Neyret: programu inapowashwa, huhesabu kwanza nuru kwa vimo vyote vya mtazamaji, kwa pembe zote za kutazama na kwa pembe zote za jua, ikiingiza mirusho mingi, na kuhifadhi majibu. Baada ya hapo kila pikseli inatafuta tu mstari wake kwenye jedwali. Udhaifu wake nao ni ule ule wa karatasi ya msikitini. Ukilichukua jedwali la Lamu ukaswalia Mombasa utakosea kwa dakika kadhaa, na programu ukiibadilishia kiasi cha vumbi au ukihamia sayari nyingine, jedwali zima lazima lihesabiwe upya. Mwaka 2020 Sébastien Hillaire alitoa njia yenye majedwali madogo yanayohesabika upesi zaidi, ambayo imewafaa sana watengenezaji wa michezo ya kompyuta.

Kuna kiungo kimoja kilichosahauliwa kwa muda mrefu, nacho ni ozoni. Baada ya Magharibi, wekundu wa upande wa machweo, ambao mafakihi huuita shafaki, hudumu mpaka jua lizame vya kutosha kuingia Isha. Wanaohesabu kwa jua kuwa nyuzi 18 chini ya upeo hupata hapa kwetu kama saa moja na dakika kumi. Katika muda huo tazama utosini: anga bado ni ya buluu, na nzito kuliko ya mchana. Rayleigh peke yake hawezi kuieleza, kwa sababu nuru inayofika pale imesafiri mbali na sinia yake haina mahamri. Mwaka 1953 Mmarekani Edward Hulburt alionyesha kwamba ni ozoni, iliyo zaidi kwenye kimo cha kilomita 20 hivi, inayofyonza nuru ya manjano na ya machungwa na kuiacha buluu. Programu isiyo na ozoni hutoa anga la jioni lenye rangi ya chai ya maziwa. Mimi huitumia kama kipimo: nikipewa programu mpya, sitazami mchana wake, ambao karibu kila mtu anaupatia. Ninaenda moja kwa moja kwenye shafaki.

Turudi Mirihi, kwenye kisa chenyewe. Shinikizo la hewa yake halifiki asilimia moja ya letu, na hewa hiyo ni kabonidioksidi kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa gesi peke yake, anga lake lingekuwa karibu jeusi. Linalolipa rangi ni vumbi laini lenye kutu ya chuma, ambalo hufyonza buluu na kuliacha anga la mchana na rangi kati ya manjano na hudhurungi. Lakini chembe hizo zina ukubwa ambao huisukuma buluu mbele, karibu sana na uelekeo wa jua, kuliko zinavyoisukuma nyekundu. Jua likitua, nuru inapita kwenye vumbi jingi, na kinachobaki kulizunguka ni buluu. Chombo cha Curiosity kilipiga picha ya rangi ya machweo hayo tarehe 15 Aprili 2015, na duara la buluu limo. Kwa hiyo picha iliyotugombanisha barazani haikupigwa, lakini iliyopigwa inakubaliana nayo.

Wasiosadiki wana hoja moja yenye uzito, nami nitawasaidia kuitoa. Chombo cha Viking 1 kilipotua Mirihi tarehe 20 Julai 1976, picha ya kwanza ya rangi iliyotolewa ilikuwa na anga la buluu, na baadaye wataalamu wakaisahihisha kuwa na anga la rangi ya vumbi. Wapo wanaolichukua tukio hilo kama ushahidi wa kuficha ukweli. Kilichotokea ni kwamba kamera ilipima nuru kwa vichujio, na rangi zilipounganishwa upesi zilisawazishwa kwa mazoea ya dunia. Baadaye zikasawazishwa kwa vibao vya rangi vilivyokuwa juu ya chombo chenyewe. Hata picha iliyopigwa ina hesabu ndani yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Neptuni pia: picha za chombo cha Voyager 2 za mwaka 1989 zilikolezwa ili mawingu yaonekane, dunia nzima ikaamini sayari ile ni buluu nzito, mpaka utafiti wa mwaka 2024 ulipoonyesha kwamba rangi yake ni buluu hafifu yenye ukijani, karibu sawa na ya Uranus.

Zuhura ni kinyume cha Mirihi. Shinikizo lake ni zaidi ya mara 90 ya letu, na hewa ni nzito hivi kwamba buluu haifiki chini kabisa. Chombo cha Kisovieti cha Venera 13, kilichotua Machi 1982, kilituma picha za ardhi iliyoogeshwa rangi ya machungwa. Ukiitazama kutoka nje, hata hivyo, Zuhura ni nyeupe yenye umanjano kidogo kwa mawingu yake. Ule mpira mwekundu wa moto unaouona kila mahali ni ramani ya rada iliyopakwa rangi, na programu inayokuonyesha Zuhura hivyo bila maelezo inakudanganya.

Sayari zinazozunguka nyota nyingine zinataka tahadhari zaidi. Darubini ya James Webb iligundua kabonidioksidi katika hewa ya WASP-39b mwaka 2022, lakini hakuna jicho wala kamera iliyoiona sayari hiyo kwa sura. Programu inapokupeleka huko na kukuonyesha mapambazuko yake, kanuni za nuru ni za kweli na namba nyingi ni za kukisia. Huko nawaunga mkono wenye shaka.

Siku chache baada ya kupatwa, mpwa wangu alileta kompyuta yake gatini wakati wa Magharibi ili mzee afanye mtihani mwenyewe. Gati letu linatazama mashariki, kwa hiyo machweo huwa nyuma yetu. Lakini dakika kumi baada ya jua kuzama, juu ya Manda huinuka ukanda wa buluu ya majivu, na juu yake ukanda wa waridi. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kikipanda hewani. Kijana aliweka mahali, tarehe na saa, akageuza uso wa programu upande wa mashariki. Ukanda ulikuwapo, ila ulikuwa mkali na safi kuliko tulioutazama. Mzee akatikisa kichwa. "Mjomba, nimesahau chumvi," kijana akaniambia, akaongeza kiasi cha chembe za chini, akasubiri jedwali lihesabiwe. Picha ilirudi imefifia, waridi limekaribia weupe upeoni. Mzee alitazama kioo, akatazama Manda, akarudia mara mbili.

"Hewa ni hii hii," alisema. "Lakini mikoko imekwenda wapi?"